Vichwa Vidogo vya Reli Kubwa

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani, mfanyakazi mstaafu wa reli, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Mabatini, Mwanza.)



Kamati iliponiandikia, barua ilisema nizungumzie maendeleo ya reli nchini. Niliisoma barua hiyo mara tatu. Maendeleo ya reli nchini yana watu wake wa kuyazungumzia, tena wenye takwimu na ramani za rangi. Mimi nilikuwa mtu wa yadi. Katika miaka yangu ya kazi, sehemu kubwa nimeipitisha katika mwendo usiozidi ule wa mtu anayekimbilia basi. Kwa hiyo, kwa idhini ya Ndugu Mwenyekiti, nitazungumzia kile nilichokijua kwa mikono yangu, yaani vichwa vidogo na vyombo vidogo vya reli, ambavyo abiria huvipita dirishani bila kugeuza shingo.

Sisi tuliokulia hapa Mabatini tuliijua treni kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Honi ndefu ilikuwa ya kichwa cha njia kuu, kinachoingia kutoka Tabora. Lakini usiku, mvua isipopiga juu ya mabati, ulisikika mlio mwingine kutoka upande wa stesheni na ziwani: kishindo cha behewa kugonga behewa, kisha kimya, kisha kishindo tena. Mlio huo ndio uliokuwa ukilipa karo za watoto wengi wa mtaa huu, kwa sababu baba zao walikuwa makuli, walinzi, makarani wa mizigo na watu wa yadi. Ulikuwa mlio wa kichwa cha sogeza.

Vijana wengine watauliza, sogeza ndiyo nini? Kichwa cha njia kuu huvuta treni kutoka mji hadi mji. Lakini treni haizaliwi ikiwa treni. Huzaliwa ikiwa mabehewa yaliyotawanyika: moja liko kwenye ghala la pamba, matatu yako gatini, jingine linangoja kupimwa uzito, na la mwisho limeharibika breki. Lazima kiwepo kichwa cha kuyakusanya, kuyapanga na kuyafunga pamoja. Na treni ikifika mwisho wa safari, lazima kiwepo kichwa cha kuifumua na kupeleka kila behewa linakotakiwa. Kichwa hicho ndicho cha sogeza. Hakitoki nje ya yadi, na hakuna anayekipungia mkono.

Hebu tazameni jinsi wakubwa walivyogawana heshima. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na reli ya Tanganyika, likapatikana shirika moja kubwa la reli na bandari la Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950 shirika hilo lilinunua vichwa vya mvuke vya aina ya Garratt, daraja la 59, kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Vilikuwa 34, kila kimoja tani 252, na hapakuwa na vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivyo popote duniani kwenye reli yenye upana wa meta moja. Kila kimoja kilipewa jina la mlima. Vilifanya kazi huko Kenya, kwenye njia ya Mombasa na Nairobi, na huku kwetu havikufika, maana reli yetu isingeubeba uzito ule. Lakini milima ya kwetu ilifika kwao. Mkienda katika jumba la makumbusho ya reli la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1971, mtakuta Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, na Shengena uko Upare. Daraja la 60, Garratt nyepesi zaidi, baadhi yake zilipewa majina ya magavana. Vichwa vingine vya kati vilipewa majina ya makabila, na kimoja kati ya hivyo, Nyaturu, nacho kimehifadhiwa Nairobi.

Basi, milima, magavana na makabila. Mwaka 1952 na 1953 shirika hilo hilo lilipata vichwa 18 vya daraja la 13 kutoka North British, Glasgow, vilivyotengenezwa kwa kazi ya sogeza. Vilikuwa na magurudumu manane ya kuendesha, na vilibeba maji na mafuta yao vyenyewe bila kukokota tenda nyuma, ili viweze kwenda mbele na kurudi nyuma kwa urahisi ule ule. Hivi vilipewa nambari. Baadaye vikaja vya dizeli, vikiwemo vile vya Andrew Barclay wa Kilmarnock, Scotland, vyenye magurudumu manane yaliyounganishwa kwa vyuma vya ubavuni kama vya mvuke. Hivi navyo vilipewa nambari. Silalamiki, kwa sababu nambari ni rahisi kuandika kwenye daftari la zamu saa nane za usiku. Nasema tu kwamba ukitaka kujua shirika linajivunia nini, tazama limekipa jina kitu gani.

Sasa nataka wale wa kidato cha tatu na cha nne wanisaidie hesabu, maana kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipoanza kazi mwaka 1975, nikiwa msaidizi wa dereva. Niliona kichwa kisichofika urefu wa behewa moja la abiria kikisukuma mabehewa ishirini ya shehena. Nikadhani pana hila. Hapana hila.

Chukueni kichwa chenye uzito wa tani 40, uzito wote ukiwa juu ya magurudumu yanayoendeshwa. Gurudumu la chuma juu ya reli kavu hushika kwa karibu robo ya uzito ulio juu yake. Kwa hiyo kichwa hicho kinaweza kusukuma kwa nguvu ya tani 10, yaani kilo 10,000. Ukizidisha hapo magurudumu yatazunguka bure na kuchoma reli. Kwa upande mwingine, behewa likishaanza kutembea mahali tambarare, kila tani yake huhitaji nguvu ya kilo 5 hivi tu ili liendelee. Gawanyeni elfu kumi kwa tano. Mnapata tani 2,000, pamoja na uzito wa kichwa chenyewe. Kuanza ni kugumu zaidi kuliko kuendelea, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya ukarimu, lakini mmeona jambo lenyewe.

Sasa wekeni kilima kidogo ambacho jicho halikioni, cha meta moja kupanda kwa kila meta mia. Kila tani itadai kilo 10 zaidi. Tano na kumi ni kumi na tano. Gawanyeni tena: tani 2,000 zimeporomoka zikawa 660 hivi. Ongezeni mvua au umande, au mafuta ya samaki yaliyodondoka relini, na ile robo ya kushika inapungua hata nusu yake. Ndiyo maana kila kichwa hubeba mchanga mkavu katika sanduku, na dereva huumwaga mbele ya gurudumu. Hapa Mwanza, mji wa majabali na miteremko, mchanga ule ulikuwa na thamani kuliko chai.

Kwa nini basi kichwa kidogo hakiendi Dar es Salaam? Kwa sababu ya mwendo. Nguvu ya kusukuma ni jambo moja, na mwendo wa kuitoa nguvu hiyo ni jambo la pili. Injini ndogo husukuma sana lakini polepole. Ukiiambia isukume hivyo hivyo kwa kilometa 50 kwa saa, itakuambia ukatafute mwenzako.

Nije sasa kwenye kazi iliyoifanya yadi ya Mwanza iwe tofauti na yadi ya Dodoma au Morogoro. Reli ya tawi kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928, ikakutana na maji. Kwa muda mrefu mzigo ulishushwa kwa mabega na kupakiwa melini kwa mabega. Miaka ya 1960 zikaja meli mbili zilizotengenezwa na Yarrow, Glasgow, zenye reli ndani ya tumbo lake, ili mabehewa yaingie yalivyo bila kufunguliwa. Moja iliitwa Umoja na ya pili Uhuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Umoja ikabaki kwetu na Uhuru ikabaki Kenya. Wazee mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kuingiza mabehewa katika meli ya namna ile ni kazi inayotaka kichwa kidogo na mtu mwenye subira. Meli inaelea. Ukisukuma behewa la tani 50 upande wa kulia, meli inalala kulia, na reli ya melini haiko tena sawa na reli ya nchi kavu. Kwa hiyo unaweka kulia kidogo, unarudi, unaweka kushoto, unarudi, huku mtu wa melini anatazama mlalo na kukuonyesha kwa mkono. Kichwa chenyewe hakitakiwi kuingia na uzito wake, kwa hiyo baina yake na mzigo huwekwa mabehewa matupu yawe kama mkono mrefu wa kusukumia. Halafu kuna daraja la gatini linalounganisha nchi kavu na meli. Ziwa likijaa daraja linapanda, likipungua linashuka. Wazee waliotutangulia waliona ziwa likipanda zaidi ya meta mbili kati ya mwaka 1961 na 1964, na sote tuliona lilivyopanda tena mwaka 2020 hadi likaingia kwenye majumba. Kwa mtu wa sogeza, ziwa lilikuwa sehemu ya mlima wake. Mtu wa Dodoma hawezi kukuelewa ukimwambia kwamba leo mlima umeongezeka kwa sababu mvua imenyesha Bukoba.

Nitaeleza wakati mmoja tu, kisha nitaendelea. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Katika wiki zilizofuata Mwanza ikawa mlango wa vita. Treni za jeshi zilifika usiku na mchana, na vitu vilivyokuwemo vilitakiwa viwe gatini mara moja, ili vivushwe upande wa Bukoba. Zamu yetu ya usiku ilikuwa na kichwa kimoja cha sogeza, kizee, cha dizeli. Fundi wetu alisema kikizimwa, hana hakika kama betri zitakiwasha tena. Tulikaa siku kumi na moja bila kukizima. Dereva alishuka kwenda kula na mwenzake akapanda kiti kikiwa bado cha moto. Mafuta tuliyatia injini ikiunguruma, jambo ambalo siku nyingine lingempeleka mtu mbele ya bwana mkubwa. Askari waliokuwa wakingoja gatini hawakujua habari za betri. Walijua tu kwamba behewa walilolitaka limefika au halijafika.

Mwaka uliofuata vita vilipokwisha, picha zilizopigwa stesheni zilikuwa za vichwa vikubwa vilivyofungwa matawi ya miti, vikirudisha vijana nyumbani. Vilistahili. Kizee chetu kilikuwa nyuma ya ghala, kikipanga mabehewa matupu.

Vijana wasidhani kwamba kichwa kidogo maana yake ni hatari ndogo. Kinyume chake ndicho kweli. Kwenye njia kuu dereva yuko ndani na watu wako nje. Yadini, watu wako katikati ya mabehewa, chini ya mabehewa, na wengine wamening'inia pembeni na taa mkononi. Behewa linalotembea polepole halina sauti. Mtu anaingia kati ya mabehewa mawili kuyafunga, na usalama wake wote ni kwamba dereva ameiona taa yake na kuielewa. Mkono ukichezeshwa hivi, njoo. Hivi, rudi. Taa ikizungushwa kwa nguvu, simama, usiulize kwa nini. Na kama dereva haioni taa tena, asimame hapo hapo, hata kama anafikiri anajua mwenzake yuko wapi. Katika stesheni moja ambayo sitaitaja, mwenzetu alipoteza mkono wa kulia kwa sababu taa ilizimika kwa upepo, na kichwa kikasogea meta mbili tu. Meta mbili! Alikuwa na umri wa miaka 24. Tangu siku hiyo dereva aliyenifundisha kazi hakukubali mazungumzo yoyote kibandani, hata salamu, hadi mabehewa yasimame.

Sasa niwapumzishe kidogo kwa mambo ya ajabu, maana vichwa vidogo vina visa kuliko vikubwa, na vingine vimetokea karibu na kwetu.

Kichwa cha kwanza cha treni katika sehemu zetu hizi kilikuwa kidogo mno. Sultani Barghash wa Zanzibar alitandika reli nyembamba hadi jumba lake la Chukwani. Kwanza mabehewa yake ya fahari yalivutwa na nyumbu, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1880 akaletewa kichwa cha mvuke cha magurudumu manne kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Hiki kilipewa jina, kikaitwa Sultanee. Mnaona, mdogo hupata jina pale mwenyewe anapokuwa mfalme. Barghash alifariki mwaka 1888 na reli yake ikang'olewa.

Kisa cha pili ni cha reli yetu ya kati yenyewe. Mwaka 1916 Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Smuts, walivunja madaraja na kuharibu vichwa vya treni, ili adui akute chuma kitupu. Jeshi likiwa na njaa na njia ikiwa haina treni, mafundi walichukua malori, wakayavua matairi, wakayavalisha magurudumu ya reli na kuyafungia vigari nyuma. Kwa muda, reli iliyojengwa kwa miaka tisa kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma iliendeshwa kwa malori. Madaraja ya miti yaliyojengwa haraka haraka yasingebeba kichwa cha treni, lakini lori yaliliweza. Mambo hayo mtayakuta tena mbele kidogo, nikifika kwenye kiberenge.

Na msifikiri kwamba ni nchi maskini tu zinazohitaji vichwa vidogo. Pennsylvania Railroad ya Marekani, iliyojiita kipimo cha reli zote duniani, ilijitengenezea vichwa vya magurudumu manne tu kwa ajili ya kona kali za magatini, mahali ambapo kichwa kikubwa kingetoka nje ya reli. Huko New York, ambako treni za mizigo zilipita katikati ya barabara, vichwa vidogo vilifunikwa kwa mbao vikafanana na behewa la abiria, ili farasi wasishtuke, na mtu juu ya farasi alitangulia mbele akiwatahadharisha wapita njia. Desturi hiyo ya mpanda farasi iliendelea hadi mwaka 1941. Kisha katika viwanda vya karatasi na vya baruti palikuwa na vichwa vya mvuke visivyo na moto kabisa. Kilijazwa mvuke na maji ya moto kutoka bwela la kiwandani, kama mtu anavyojaza chupa ya chai, kikafanya kazi kwa saa kadhaa, kikarudi kujazwa tena. Nilipozisoma habari hizo niliyakumbuka marobota ya pamba ya Usukuma yaliyofunikwa turubai, na wazee wa mvuke waliokuwa wakiziogopa cheche kuliko wanavyomwogopa nyoka. Kichwa cha namna hiyo kingetufaa sana hapa.

Nafika kwenye kiberenge. Wenzetu wa mashamba ya mkonge, Tanga na Morogoro, wakisikia kiberenge hukumbuka vichwa vidogo vilivyovuta majani ya mkonge kutoka shambani hadi kiwandani. Sisi wa reli kubwa humaanisha kile kigari cha mafundi wa njia. Kabla yake kilikuwepo kigari cha kusukuma kwa miguu na mikono, watu wawili wakikimbia juu ya reli, bwana mkaguzi akiwa ameketi chini ya mwavuli. Halafu kikatiwa injini. Viko viberenge vyepesi, ambavyo watu wanne hukinyanyua kimoja na kukiweka pembeni treni ikija. Na viko vizito, vyenye paa na mabenchi, vinavyobeba genge zima na mataruma na nyundo zake. Hivi havinyanyuliki, kwa hiyo lazima vipewe njia kama treni.

Kazi ya kiberenge ni kutangulia. Reli haivunjiki kwa kutangaza. Bolti moja inalegea, maji yanachimba tuta kwa chini huku juu panaonekana pazima, na mataruma yanaoza. Mtu lazima apite polepole, macho chini. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilipoiharibu reli ya kati, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipoifagia sehemu ya Kilosa hadi Gulwe, kichwa kikubwa hakikuwa na la kufanya ila kusimama na kungoja. Mahali pasipobeba tani 70 pataweza kubeba tani moja na nusu. Ni hesabu ile ile ya malori ya 1916.

Katika mvua hizo za 1998 nilipewa kazi ya muda na watu wa njia, tukiwa kati ya Malampaka na Mwanza. Asubuhi moja pale Bukwimba tulimkuta mama amelazwa kwenye benchi la stesheni, uchungu umeanza tangu jana yake, na mkunga wa kijiji amesema mtoto amekaa vibaya. Barabara ilikuwa imekatika pande zote mbili. Treni haikuwepo na isingekuwepo kwa siku nyingi. Mnyapara wa genge alimtazama stesheni masta, stesheni masta akanyanyua simu kuomba njia. Tulishusha mataruma, tukatandika magunia na makoti ya mvua, tukampakia mama na mama mkwe wake. Mahali pawili tuta lilikuwa limeliwa na reli inaning'inia. Hapo sisi wanaume tulishuka, tukavuka kwa miguu, na dereva akakipitisha kiberenge taratibu kikiwa na wanawake wawili tu juu yake. Sijapata kuona mwendo mdogo kama ule. Ungeweza kuhesabu mataruma moja moja. Gari la hospitali lilitukuta stesheni ya Mwanza. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji usiku ule, akiwa mzima, na mama yake mzima. Wazazi wakampa jina la mvua, kama ilivyo desturi ya Wasukuma. Sisi tulitegemea angeitwa Kiberenge, tukanyamaza.

Lakini nisiwape upande mmoja tu wa habari. Kiberenge hakina ngao. Mnamo Machi 2020, katika reli ya Tanga, kiberenge kiligongana na treni ya mizigo, na wafanyakazi watano wa Shirika la Reli wakafa. Sitasema lolote juu ya sababu, hiyo si kazi yangu. Ninachoweza kueleza ni vile kazi ilivyo. Katika njia moja inayotumiwa na wanaokwenda na wanaorudi, usalama wote umo katika neno la stesheni mbili: njia hii sasa ni ya nani? Kama ni ya kiberenge, treni isubiri, iwe ya mizigo au ya waziri. Kama ni ya treni, kiberenge kisitie gurudumu relini hata kama kazi ni ya dakika tano. Hakuna njia ya nusu kwa nusu. Dereva wa treni ya tani elfu moja akikiona kiberenge mbele, hata akifunga breki zote, atasimama mbali sana baada ya pale alipokiona. Wale watano walikuwa watu wa kazi kama baba zenu. Naomba tusimame kimya kwa dakika moja.

Asanteni, kaeni.

Sasa reli mpya inakuja. Jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, liliwekwa tarehe 14 Juni 2021, na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma treni za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2024. Vijana wananiuliza, mzee, umeme ukifika, vichwa vyenu vidogo si ndio mwisho wake? Nawajibu hivi: waya wa umeme ukikatika, nani atakwenda kuuunga? Kichwa cha umeme hakiwezi kwenda mahali pasipo na umeme. Atakwenda mdogo wa dizeli, akivuta gari lenye ngazi na mafundi. Na kwenye maghala na magati, ambako mashine za kunyanyulia mizigo hupita juu, waya hautundikwi, kwa hiyo huko pia atasukuma mdogo. Kwa hiyo nafasi zipo. Wanaotaka kazi hiyo wasome fizikia, na wapime macho mapema, kwa sababu ukaguzi wa macho relini hauna huruma, hasa wa rangi nyekundu na kijani.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa wazee wenzangu. Nimekuwa nikiandika katika daftari nambari za vichwa vya sogeza vilivyofanya kazi Mwanza, pamoja na madereva wake, wasaidizi wake na watu wa taa. Daftari lina mapengo, hasa kabla ya 1970. Najua baadhi yenu baba zenu walikuwa yadini. Mwenye picha, hata iliyopasuka, mwenye kitambulisho cha zamani cha reli, au mwenye daftari la zamu lililosahaulika kabatini, anione kabla hatujaondoka. Sitaichukua picha ya mtu. Mwalimu wa historia amekubali vijana wake wainakili kwa simu na kumrudishia mwenyewe hapo hapo. Nambari za vichwa ninazo nyingi, lakini majina ya watu waliosimama na taa sina hata nusu yake.

Na wanafunzi watakaopenda kwenda kuona yadi, Mwalimu Mkuu amesema ataandika barua ya kuomba ruhusa. Mvae viatu vilivyofunika vidole, na msije na redio masikioni.

Ninaambiwa dakika zangu zimekwisha, lakini kijana yule wa kidato cha pili pale nyuma amenyanyua mkono tangu nilipokuwa Zanzibar. Haya, mjukuu wangu, uliza.